Ramla ya Sharqiya: kwa nini kwadi zinapinduka kileleni na si mteremkoni?

#1 KusiBidiya
Salaam wakuu. Msimu wa ramla (jangwa la mchanga) umefika, Oktoba hadi Machi, na kila mwisho wa wiki matuta ya Sharqiya hapa Omani (Wahiba kwa jina la zamani) yanajaa kwadi (pikipiki za magurudumu manne), bagi (vigari vya wazi vya mchangani) na magari ya 4x4 kutoka Maskati. Ikitokea ajali, jibu la watu ni moja: mwendo kasi. Mimi nabisha. Hoja yangu ni kwamba ajali nyingi ni za kileleni, zile mita chache za mwisho wa kupanda na mita chache za mwanzo wa kushuka, na kwadi inapinduka pale hata ikiwa inatambaa kwa gia ya kwanza.

Naiona hivi. Upande unaopigwa na upepo una mwinuko mpole, nyuzi 10 hadi 15, na mchanga wake umeshindiliwa. Upande wa pili ni mchanga uliomwagika tu, umekaa kwenye nyuzi 32 hadi 34, ambazo ndizo kikomo cha mchanga mkavu kujishikilia. Dereva anapanda kwenye sakafu ngumu, anavuka ukingo mwembamba, ghafla magurudumu ya mbele hayana kitu chini yake. Anashtuka, anabana breki ya mbele, pua inazama, mkia unapaa na kumwangukia mgongoni.

Nani ana maelezo mengine?

#2 MzeeWaGia
Umeeleza aina moja tu, ya kupindukia mbele. Iko ya kupindukia nyuma, na kwangu hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu chombo kizima kinakulalia kifuani. Kwadi ya kawaida ina kilo 200 hadi 350, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 1.2 au 1.3 tu. Ni kitu kifupi na kizito.

Inakwenda hivi: mtu anaanza kupanda na mwendo mdogo, anafika theluthi mbili ya tuta, nguvu inakata. Badala ya kukubali, anasukuma mafuta mpaka mwisho. Magurudumu ya nyuma yanachimba, yanazama, ekseli ya nyuma inakuwa bawaba na mbele inanyanyuka. Kama amekaa kitako nyuma ya kiti, imekwisha.

Dawa iko chini ya tuta, si juu. Pata mwendo wako kabla mwinuko haujaanza, chagua gia moja ya kukufikisha, simama kwenye vikanyagio, kifua juu ya usukani. Ukiona inakufa na bado inatembea na mwinuko si mkali, geuza mapema urudi chini. Ikishasimama, bana breki, hamisha uzito mbele, shuka upande wa juu wa mlima. Ikianza kurudi nyuma yenyewe, tumia breki ya mbele taratibu. Breki ya nyuma ikibanwa wakati chombo kinarudi kinyumenyume, ndiyo inayokipindua.

#3 BiSalme_Mjini
Na kugongana je? Wawili wanapanda tuta moja, kila mmoja kwake, wanakutana juu uso kwa uso. Hakuna breki wala gia hapo. Kule California kwenye Imperial Sand Dunes ni lazima kila chombo kiwe na mlingoti wa bendera unaofika futi 8 kutoka ardhini, yaani kama mita 2.4. Bendera inaonekana upande wa pili kabla chombo hakijaonekana. Huku kwetu unaona kwadi kumi na bendera moja, na hiyo moja imening'inia kwenye kambi.

#4 FundiTairi
Mada nzuri, ila mnazunguka. Anzeni na upepo wa tairi.

Gari la 4x4 linatoka lami na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 33 hadi 36. Ramlani shusha hadi 15 au 18. Tairi linalala, alama yake ardhini inakuwa ndefu, gari linaelea badala ya kuchimba. Likielea huhitaji mwendo mkubwa kupanda, na usipokuwa na mwendo mkubwa huruki kileleni. Anayepanda na psi 30 analazimika kupiga mbio ili afike, ndipo anavuka ukingo akiwa angani. Kwa hiyo ajali ya kilele imeanzia kwenye valvu.

Kwadi yenyewe inatumia upepo mdogo sana, psi 3 hadi 7 kutegemea tairi, na geji ya gari haisomi vizuri huko chini. Nunueni geji ya psi 0 hadi 15.

Tena angalieni hili: ukishusha upepo mara tu baada ya safari ya lami, tairi ni la moto. Uliloliacha kwenye 16 likiwa la moto litasoma 14 au chini ya hapo likipoa usiku. Asubuhi pima upya kabla hujawasha.

#5 DerevaLiwa
Fundi yuko sahihi nusu. Upepo mdogo una ajali yake. Ukiwa na psi 12 na ukakata kona kwa mwendo, ukingo wa tairi unachomoka kwenye rimu, hewa yote inatoka mara moja, rimu inachimba mchanga na gari linajiviringa. Nyuzi za mwinuko hazihusiki kabisa, inatokea hata bondeni kwenye tambarare. Chini ya 15 ni kwa kujikwamua tu: unatambaa, unanyoosha usukani, ukitoka unarudisha upepo.

KusiBidiya, umesema upande wa upepo ndio mgumu. Ni kweli kwa tuta la mwezi mchanga, lenye pembe mbili zinazoangalia upepo unakokwenda. Lakini matuta makubwa ya kaskazini mwa Sharqiya si ya hivyo. Ni migongo mirefu inayolala kusini kwenda kaskazini, mingine inakaribia mita 100 kwa urefu wa kwenda juu, na juu yake kuna matuta madogo yanayojipanga kila aina.

#6 Joshini
Naongeza kwa DerevaLiwa. Kwenye migongo ile upande wa joshini (unaopigwa na upepo) na upande wa demani (uliojikinga) vinabadilishana. Kiangazi upepo wa kusi unasukuma kutoka kusini magharibi, baridi ikija unageuka. Kile kipande cha juu kabisa, mita moja hadi tatu za mwisho, kinajijenga upya kufuata upepo wa wiki hiyo. Njia uliyopita Ijumaa iliyopita ikiwa mviringo, Ijumaa hii inaweza kuwa wembe. Alama za matairi ya jana zikipanda tuta zisikudanganye: zinakwambia mtu alipanda, hazikwambii upande wa pili ukoje sasa.

Na yapo yale mabakuli, mashimo ambayo upepo umeyachimba pembeni mwa kilele. Ukiwa unapanda huyaoni mpaka umefika ukingoni. Kingo zake zinaporomoka pande zote, kwa hiyo ukiingia na ubavu unajiviringa mpaka chini.

#7 KusiBidiya
Nimekubali sahihisho la #5 na #6. Hoja ya kilele naishikilia.

#8 Mgeni_Ruwi
Samahani wakuu, hiyo "ajali nyingi" ya #1 imetoka kwenye hesabu gani? Naona kila mtu anaeleza namna inavyotokea, sioni aliyehesabu.

#9 TabibuMifupa
Swali zuri, Mgeni. Ni hoja ya uzoefu, si ya takwimu, tuichukue hivyo.

Kwa upande wa majeruhi, naomba tutenganishe kwadi na bagi, maana miili inaumia tofauti. Kwenye kwadi mtu anatupwa au analaliwa: kichwa, shingo, kifua, mfupa wa paja, mkono aliotangulizia. Kwenye bagi na gari la 4x4 mtu amefungwa mkanda, chombo kinaruka ukingo na kutua kwa tumbo au kwa pua kwenye bonde gumu. Nguvu inapanda kutoka kwenye kiti kuingia uti wa mgongo, na pingili inapasuka pale kifua kinapokutana na kiuno, T12 na L1. Helmeti haisaidii kitu hapo. Tena chombo hakijapinduka, bodi haina hata mkwaruzo, ndiyo maana wenzake wanamwambia "inuka, ni mshtuko tu".

Msimwinue. Anayelalamika mgongo baada ya kutua vibaya, au ganzi miguuni, au ameshindwa kuzuia mkojo, abaki alivyo, kichwa na kiwiliwili kwenye mstari mmoja, kivuli kiletwe kwake.

Na abiria wa kiti cha nyuma kabisa kwenye gari la safu tatu anakaa karibu na ekseli ya nyuma au nyuma yake. Gari likipiga tuta dogo, yeye ndiye anayerushwa zaidi. Wazee na wajawazito wasikae huko, na kwa kweli mjamzito asipandishwe ramlani kabisa.

#10 MzeeWaGia
Daktari umesema. Sasa FundiTairi naye bado yuko kwenye psi. Huyu hata mtu akiteleza bafuni atauliza ulikuwa na upepo kiasi gani.

#11 FundiTairi
Mzee wangu, cheka, lakini kila gari linalozama ramlani swali la kwanza ni hilo hilo.

#12 Joshini
Mmesahau mwanga. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana jua liko juu, vivuli vimekwisha, mchanga wote una rangi moja. Ukingo wa kilele, bakuli na tuta dogo la nusu mita vyote vinapotea machoni. Saa 1 hadi saa 3 asubuhi na baada ya saa 9 alasiri kila mkunjo una kivuli chake. Miwani yenye kioo cha njano au kahawia inaongeza utofauti kidogo, kioo cheusi kinaupunguza.

Asubuhi pia mchanga ni mgumu zaidi. Umande wa usiku unashikanisha chembe. Mchana umekauka, unamwagika.

#13 DerevaLiwa
Kuhusu ugumu wa asubuhi, wapo wanaosema si umande, ni tairi. Mchana mchanga unachemka, hewa ndani ya tairi inapanuka, tairi linakuwa duara tena na linachimba. Nafikiri yote mawili yapo, ila kwenye ramla ya ndani mbali na bahari, ambako umande ni haba, tairi lina sehemu kubwa zaidi. Pima upepo saa 6 mchana uone.

#14 Joshini
Sharqiya bahari iko jirani, DerevaLiwa. Umande unaloweka hata hema. Liwa yako kule Imarati ni habari nyingine.

#15 Mgeni_Ruwi
Liwa si ndiko kuna lile tuta la Moreeb? Matangazo yanasema lina mita 300 na mwinuko wa nyuzi 50.

#16 KusiBidiya
Nyuzi 50 zinavutia watalii, lakini mchanga mkavu uliolegea hausimami hapo. Ukizidi kama 34 unaporomoka wenyewe mpaka urudi. Weka ubao wa nusu mita juu ya mteremko, laza simu yenye kipima mlalo juu ya ubao, soma. Usiweke simu peke yake, itasoma tundu la mguu wako. Nyuzi 33 ukizitazama kutoka juu zinaonekana kama ukuta, ndiyo maana watu wanaamini hiyo 50.

#17 DerevaLiwa
Sawa. Turudi kileleni, maana ndipo ubishi ulipo. Kwa gari la 4x4 sheria yangu ni moja: panda wima, shuka wima. Ukikaribia ukingo, urefu wa gari moja kabla, achia mafuta. Gari lifike juu likiwa limebakiwa na mwendo wa mtu anayetembea, magurudumu ya mbele yavuke, lisimame lenyewe. Tazama. Kisha gia ya kwanza ya 4x4 nzito (low), mguu mbali na breki, injini ikushike kushuka. Mkia ukianza kukupita pembeni, elekeza pua chini na ongeza mafuta kidogo. Kila mtu anataka kukanyaga breki hapo, na breki ndiyo inayokamilisha ubavu.

Umeshindwa kupanda? Rivasi, usukani umenyooka, macho kwenye kioo, unarudi kwenye alama zako mwenyewe. Kugeuza gari katikati ya mwinuko ni kulilaza.

#18 MzeeWaGia
Kwa gari nakubali. Kwa kwadi na pikipiki wima mpaka ukingoni ni kosa, kwa sababu hukai juu ya kuona kama dereva wa gari na huna kizimba cha chuma kichwani. Kwadi ipande, karibu na juu ikate mshazari, iende sambamba na ukingo kama mita mbili chini yake upande mgumu. Unatazama ng'ambo bila kuvuka. Ukiridhika, unageuza na kuvuka kwa pembe ya mraba. Wakati unakwenda sambamba, mwili wote unaegemea upande wa juu wa tuta.

#19 DerevaLiwa
> MzeeWaGia alisema: iende sambamba na ukingo kama mita mbili chini yake

Hapo ndipo sikubaliani. Magurudumu ya upande wa chini yanabeba uzito wote, yanazama, mwinuko wa nyuzi 15 unakuwa 25 chini ya kwadi. Ukiongeza abiria nyuma, kwadi iko kwenye ubavu. Unapunguza hatari ya mbele, unanunua ya pembeni.

#20 MzeeWaGia
Abiria hatakiwi kuwepo. Kwadi ya kiti kimoja ni ya mtu mmoja, kiti chake kirefu ni kwa dereva kusogea mbele na nyuma, si nafasi ya mwenzake. Na mshazari nimesema upande mgumu. Kama pande zote ni laini, zima injini chini, panda kwa miguu ukaangalie.

#21 BiSalme_Mjini
Kwenye msafara jibu lipo: mtu mmoja anasimama kileleni pembeni mwa njia, anaonekana na pande zote. Anayepanda hasogei mpaka mkono uinuke, na anayefuata haanzi mpaka wa kwanza ameondoka kabisa chini ng'ambo. Chombo kilichokwama upande wa pili wa ukingo hakionekani kabisa, na wa nyuma anamrukia mwenzake.

Halafu kina dada, nguo. Buibui, mtandio mrefu, leso, na kwa wanaume kanzu na msuli, vyote vinaingia kwenye ekseli ya nyuma ya kwadi. Inaanza kuzungusha pindo, sekunde moja tu inavuta shingo. Suruali, mtandio uingizwe ndani ya shati au uvaliwe ule wa kuvuta kichwani, mikanda ya begi ikatwe au ifungwe. Viatu vya kufunika kifundo. Kandambili mguu unateleza kwenye kikanyagio, unagusa mchanga, gurudumu la nyuma linaupanda na kuuvuta chini.

#22 FundiTairi
Asante Bi Salme. Naunganisha hapo kwa wanaokodi. Kabla hujalipa, fanya haya ukiwa umesimama pale pale:

Sukuma kikono cha mafuta kwa kidole gumba mpaka mwisho, achia. Kirudi chenyewe kwa mlio, usukani ukiwa katikati, kushoto kabisa na kulia kabisa. Kikisita upande mmoja, waya umekaa vibaya au mchanga umeingia, na kwadi hiyo itakuendesha yenyewe siku utakayokata kona kali. Shika gurudumu la mbele juu na chini, litikise: likicheza, bearingi au boli jointi imekwisha. Bana breki ya mbele kisha isukume kwadi, halafu ya nyuma hivyo hivyo. Tazama kama wavu au bamba kati ya kikanyagio na gurudumu la nyuma lipo, wengi wanaling'oa. Tairi za ekseli moja ziwe na upepo sawa. Kwenye namba ndogo hivi tofauti ya psi 1 inavuta usukani.

Uliza kamba ya kuzimia injini, ile inayofungwa kifundo cha mkono. Ukitupwa, injini inazima. Bila hiyo kwadi inaendelea kupanda tuta peke yake kisha inarudi kukutafuta.

#23 Kizota_255
Wakuu, Australia kwadi mpya zinalazimishwa kuwa na kile chuma cha kumkinga dereva nyuma ya kiti, tangu Oktoba 2021. Kwa nini Omani wasifanye hivyo? Kesi ya kulaliwa ingekwisha.

#24 MzeeWaGia
Ile sheria ilitazama kwadi za mashambani, mwendo mdogo, mwinuko wa majani. Kwenye ramla chombo kinajiviringa mara tatu nne, na wapo wanaohofia chuma chenyewe kitampiga aliyetupwa. Kwa kupinduka nyuma taratibu naamini kinaokoa, kinaacha nafasi ya kifua. Kwa kujiviringa kwa kasi siwezi kukuhakikishia.

#25 TabibuMifupa
Mimi ningekifunga. Anayekufa chini ya kwadi mara nyingine hana mfupa uliovunjika, ni kifua kimebanwa hakivuti pumzi, na yuko peke yake. Nafasi ya sentimita kumi inatosha kupumua.

Helmeti iwe ya uso mzima na kufungwa kidevuni. Usiivue kwa majeruhi anayepumua.

#26 Kizota_255
Daktari, nimesoma kuwa mtu akilaliwa zaidi ya dakika 15 msimtoe, sumu za misuli zinakimbilia moyoni. Ni kweli?

#27 TabibuMifupa
Hayo ni mafundisho ya zamani ambayo bado yanazunguka, na baadhi ya miongozo bado inayaandika. Sumu zipo: potasiamu inatoka kwenye msuli uliopondeka. Lakini miongozo ya Australia inasema ondoa uzito mapema iwezekanavyo, bila kujali muda, na mimi niko upande huo. Kama ni kifua au shingo, hakuna mjadala hata kidogo, nyanyua sasa hivi. Kwa mguu uliobanwa muda mrefu, piga simu kwanza, toa, kisha mtazame kwa karibu na uwaambie wauguzi saa aliyobanwa na saa aliyotolewa. Andika kwenye mkono wake kwa kalamu.

Namba ni 9999 Omani. Imarati 998 gari la wagonjwa, 999 polisi. Usiseme "tuko ramlani karibu na kambi". Soma nukta za ramani kwenye simu, zitume kwa ujumbe mfupi, maana ujumbe unapita mahali ambapo sauti inakatika. Kama mtandao hakuna bondeni, mtu apande kileleni kwa miguu.

#28 KusiBidiya
Hili la kuzama halijaguswa, na linaua watu waliokwisha kuepuka kilele. Gari limezama, la pili linakuja kulivuta, mtu anatundika kamba kwenye boli ya kuvutia trela. Boli ile haikutengenezwa kwa mshtuko. Inakatika shingoni, kamba inayovutika inaigeuza risasi ya chuma na inapita kioo cha nyuma. Vuta kwenye hoki iliyofungwa kwenye chesesi tu. Kamba ya kuvutika inaongezeka kama asilimia 30 ya urefu wake, kwa hiyo watu wote wasimame mbali, mara moja na nusu ya urefu wa kamba au zaidi, na wasiwe kwenye mstari wake. Blanketi zito katikati ya kamba. Na kabla ya kamba, koleo: toa mchanga mbele ya magurudumu yote manne na chini ya tumbo, shusha upepo hadi 12. Mara nyingi linatoka lenyewe.

#29 FundiTairi
Psi 12! Karibu kwenye chama, KusiBidiya.

#30 Joshini
Hahaha. Fundi kashinda.

#31 Kizota_255
Nje kidogo ya mada: kwa sisi tulioko nyumbani, Shela kule Lamu au ule mchanga unaohama wa Olduvai, mtu anaweza kupeleka kwadi?

#32 Joshini
Shela hapana, tafadhali. Matuta yale ndiyo tangi la maji ya kisima ya Lamu, mvua inachujwa na kukaa chini yake. Majani yanayoshika mchanga yakikatwa na matairi, na oili ikimwagika, unaharibu maji ya mji mzima.

Olduvai ni majivu meusi ya volkano, tuta moja la mwezi mchanga linalotembea mita kadhaa kila mwaka, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Linatazamwa kwa miguu, tena kwa kukaa pembeni.

#33 Mgeni_Ruwi
Kwa wale wanaosema kasi si tatizo: Januari 2020, mwaka wa kwanza wa mbio za jangwani za Dakar kuja Saudia, alifariki mashindanoni mpanda pikipiki Paulo Gonçalves wa Ureno, mshindi wa pili wa mwaka 2015 na bingwa wa dunia wa 2013. Huyo si mtu wa kukosea gia. Mwaka uliofuata wakalazimisha fulana ya puto la hewa kwa pikipiki na kwadi. KusiBidiya, naona hoja yako ya #1 inawafaa wanaotambaa. Wanaokimbia wana ajali yao, na haisubiri kilele.

#34 KusiBidiya
Sikusema kasi haiui. Nimesema kasi ikilaumiwa peke yake, anayekwenda polepole anajiona salama.

#35 Umm_Barghash
Salaam. Kijana wangu ana miaka 12, ananing'ang'ania nimkodishie kwadi ya 250cc kambini, mwenye kwadi anasema ataipunguza mwendo. Inafaa?

#36 MzeeWaGia
Haifai, mama. Watengenezaji wenyewe wanabandika onyo kwenye kwadi za watu wazima: si kwa aliye chini ya miaka 16. Skrubu ya kupunguza mafuta inapunguza mwendo, haipunguzi kilo. Kwadi inaongozwa kwa uzito wa mwili, na mtoto wa kilo 40 hana uzito wa kuirudisha ikianza kulala.

#37 DerevaLiwa
Nakubali, na naongeza: hata akipata kwadi ndogo ya watoto, abaki bondeni kwenye mchanga tambarare, mtu mzima kwa miguu karibu yake na ile kamba ya kuzimia mkononi. Kupanda tuta bado, iwe wima au mshazari.

#38 MzeeWaGia
Mshazari, akikua.

#39 DerevaLiwa
Wima.